Mbuzi Aliyerudishwa Akiwa Hai

Watu wa kwetu wakitaka kumweleza Mama Mkubwa huanza na alivyozaliwa, na wengi huishia hapo hapo. "Yule aliyepatikana nyumbani kwa baba wa mama yake," husema kwa sauti ya chini, kana kwamba sisi wengine tulipatikana sokoni. Mimi sianzi huko. Nimekaa naye nyumba moja, na mwanangu amelala mgongoni kwake zaidi ya mgongoni kwangu. Naanza na shamba lake.

Shamba lake lilikuwa mteremko mtupu. Ukidondosha kiazi pale, unakifuata mtoni. Mjomba, ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja ila baba mwingine, alikuwa na bonde lote la chini lenye maji, udongo mweusi, kabichi kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Asubuhi Mama Mkubwa alilima bondeni kwa Mjomba. Mchana, jua likianza kulegea, ndipo alipopanda kwake. Alilima akitazama juu, goti moja chini, maana ukilima umesimama pale mguu unateleza. Mvua ikinyesha sana, udongo wake ulishuka kwa Mjomba, na Mjomba hakusema asante. Mama Mkubwa alicheka tu: "Hata udongo wangu unamtumikia."

Alikuwa mcheshi, hilo mlijue. Siku hizi wanamweleza kama mtu wa huzuni, eti mnyonge wa Mungu. Mnyonge gani! Alikuwa na mdomo. Baba yangu aliponitoa nyumbani, nimemaliza kidato cha nne na tumbo limeshatokeza, aliliweka sanduku langu uani mbele ya majirani. Mama yangu alikuwa ndani analia kwenye kanga. Mama Mkubwa ndiye aliyekuja. Alilinyanyua lile sanduku, akajitwisha kichwani, akamgeukia baba.

"Shemeji," akamwambia, "hili lina vitabu. Ndiyo maana umelitoa kwa shida. Ungeita mtu akusaidie."

Baba akaingia ndani. Sisi tukashuka kwenda kwake, yeye mbele na sanduku, mimi nyuma na aibu yangu.

Aliyenipa mimba alikuwa bwana shamba. Aliahidi kuwaleta wazee wake. Kisha akahamishiwa Muheza, na tangu hapo kimya. Watu wananiambia nimvumilie, kazi ya serikali ina mambo mengi. Muheza si mwezini. Kuna basi.

Kanisani niliwekwa benchi la nyuma, kama desturi ilivyo kwa msichana aliyezaa bila ndoa, mpaka siku nitakayosimama mbele ya watu na kutubu. Sikutubu. Mama Mkubwa alikuwa mwimbaji, kiti chake kilikuwa mbele kabisa, sauti yake nene ilishika nyimbo zote. Jumapili ile ya kwanza aliondoka kwa wenzake wimbo haujaisha, akaja kukaa na mimi nyuma. Mzee wa kanisa akamfuata, akamnong'oneza arudi mahali pake.

"Hapa ndipo mahali pangu," akamjibu, tena si kwa kunong'ona. "Hapa ndipo mama yangu alipokaa nikiwa tumboni. Nimekuja kuangalia kama pamekuwa pazuri."

Lakini mtu yule yule, nyumbani kwa Mjomba alikuwa mtu mwingine. Hakuwahi kuketi kwenye kiti chenye egemeo. Nyama ikipakuliwa alisubiri sufuria ifikie mifupa. Alikuwa na msemo wake, "Mgeni hachagui kigoda," na aliusema katika nyumba aliyokulia, akiwa mtoto wa kwanza wa mama mwenye nyumba. Nilimchukia kwa hilo. Nasema kweli. Nilikuwa namwambia, "Mama Mkubwa, chukua kipande," naye ananitazama kama ninayemchongea.

Jambo la ajabu zaidi ni hili. Kijiji kizima, kijana akitaka kuposa, wazazi wake walikuja kwanza kwa Mama Mkubwa kuuliza kama kuna undugu. Koo zote za mlima huu alikuwa nazo kichwani. Alikuwa akiendelea kumenya viazi huku anasema, "Bibi wa huyu na babu wa yule walinyonya ziwa moja. Msipeleke posa." Na posa haikwenda. Alijifunza lini? Nadhani alijifunza kama mtu mwenye njaa anavyojua kila nyumba inapika nini. Siku moja mama mmoja aliyekuja kuuliza akajitia utani.

"Na wewe Mama Mkubwa, ukoo wako ni upi?"

"Mimi ni ukoo wa ndege," akasema. "Natua penye mti."

Wakacheka. Kisu hakikusimama.

Mambo ya Ujamaa yalipopamba moto, aliyapenda kuliko mtu yeyote ninayemjua. Vijana wa shule tuliimba nyimbo zake kwa sababu tuliamriwa. Yeye aliamini. Siku ya shamba la kijiji alifika umande haujakauka, akawasubiri viongozi wenyewe. Mjomba alimkejeli: "Unamlimia nani? Hilo si lako." Mama Mkubwa aliniambia mimi pembeni, "Huko naitwa ndugu. Hapa naitwa yule." Kisha ikaja siku ya kugawana viwanja kando ya barabara mpya. Mwenyekiti alisimama akahubiri kwamba binadamu wote ni ndugu zake, hakuna mwana wa huyu wala wa yule. Tukapiga makofi. Akaanza kuita wakuu wa kaya. Mama Mkubwa akasogea mbele.

"Ndugu," mwenyekiti akamuuliza, "wewe uko chini ya nani?"

Mjomba akajibu kutoka nyuma, "Huyo ni wa kwangu." Mama Mkubwa akarudi mahali pake. Kiwanja akapata Mjomba. Sijui kama mwenyekiti aliona alichokifanya. Alikuwa ameshaita jina lingine.

Mama Mkubwa alikuwa akisema, "Usiulize maji yametoka wapi, uliza kama yanatosha kupikia." Nilimwamini, nikadhani kweli hajali. Mpaka tumbo lake lilipoanza kuvimba. Hospitalini walimpima, wakamwangalia, wakampa vidonge vya kupunguza maumivu na kumwambia akapumzike nyumbani. Kila mtu mzima anajua maana ya maneno hayo.

Siku moja wiki hizo Mjomba alikuwa akila makande uani kwake, mama yangu na mimi tupo. Hakuwa na hasira, wala hakupaza sauti. Akasema, "Yule tutamtafutia pale mpakani, karibu na barabara. Hapa migombani ni pa ukoo." Mama yangu akainama. Mama Mkubwa alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, anaosha vyungu vya chakula hicho hicho. Aliosha mpaka cha mwisho, akavianika juani.

Na kweli ndipo alipo sasa, mpakani. Lori la kabichi likipita, udongo wake unatikisika.

Siku ile ya makande, tuliporudi kwetu, Mama Mkubwa aliketi kwenye mkeka, akaniambia bila utangulizi: "Wewe umesoma. Nitafutie kwa baba yangu. Sitaki kitu chao. Nataka tu nikifa nilale kwa mwenyewe."

Bibi, mama yake, alikuwa ameshafariki na siri yake. Aliyebaki ni Bibi Mdogo, mdogo wake Bibi, anayekaa ng'ambo ya msitu. Nilikwenda kesho yake na mwanangu mgongoni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Umemleta mtoto nimwone, au umekuja kuniuliza mambo?"

"Vyote viwili."

"Mtoto mlete. Mambo kaa nayo."

Nikamwekea mtoto mapajani, nikakaa chini. Nikamwambia Mama Mkubwa anakufa, na kwamba akifa bila kujua, mimi nitakuja hapa kwake kila Jumapili kumuuliza, mpaka naye afe. Si maneno ya kumwambia bibi. Nilikuwa nimechoka na maneno ya kumwambia bibi.

Alimchezesha mtoto kwa muda. Kisha akasema, "Alikuwa mpasua mbao. Mtu wa Mgwashi. Walikuja wengi wakati ule kupasua mbao huku kwetu. Msimseme vibaya, hakukataa. Alituma mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi wa mtoto. Ninyi hamyajui haya."

Akanieleza. Zamani, mwanamume aliyezaa na binti asiyemwoa, wazee wake walituma mbuzi kwa kina binti. Mbuzi yule alichinjwa huko huko, wazee wa pande mbili wakala pamoja, na mtoto akavishwa mkononi kipande cha ngozi yake. Kuanzia hapo mtoto ana baba, hata kama wazazi hawakuoana kamwe. Ana kwao. Wazee wa mpasua mbao walimleta mbuzi kwa miguu kutoka Mgwashi, Mama Mkubwa akiwa bado ananyonya. Wakamkuta baba yake Bibi, aliyekuwa amebatizwa karibuni na kufanywa mzee wa kanisa. Akasimama mlangoni. "Mbuzi wa mizimu haingii uani kwangu," akawaambia. Hakuwapa hata maji.

"Wakafanyaje?"

"Wangefanyaje? Walilala kwa jirani, asubuhi wakaondoka na mbuzi wao. Nilimwona kwa macho yangu, msichana mdogo mimi. Alikuwa anatafuna majani yetu njiani, mzima kabisa."

Kisha akaanza kumkunjua mtoto vidole, kimoja kimoja, bila kunitazama.

"Bibi, kuna nini?"

"Mbuzi wa mtoto harudi akiwa hai, mwanangu. Hurudi kwa jambo moja tu. Mtoto akiwa amekufa. Hivyo ndivyo watu walivyopeleka habari, bila kutamka."

"Baba yenu alilijua hilo?"

"Alikuwa Mshambaa kabla hajawa mzee wa kanisa."

Nilimpokonya mtoto nikaondoka bila kuaga vizuri.

Mama Mkubwa nilimwambia nusu: kwamba ni mpasua mbao, mtu wa Mgwashi, na kwamba hakukataa. Nusu nyingine nilitaka kwanza nikaione mwenyewe. Nikapata lori mpaka Soni, jingine mpaka Bumbuli, kutoka hapo nikatembea. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani, mwanangu anakohoa. Nilikuwa na maneno tayari kichwani, yamepangwa kama insha: huyu ni damu yenu, dada yenu, hataki shamba, hataki kitu.

Nyumba niliyoelekezwa ilikuwa ya mdogo wake yule mpasua mbao. Mpasua mbao mwenyewe alikuwa ameshakufa. Mzee alikuwa ameketi nje anasuka tenga la mapeasi, mkewe anapepeta maharage. Tukasalimiana kwa Kishambaa kama inavyopasa, onga mshi na majibu yake yote, hali ya nyumbani, hali ya mvua, hali ya njia niliyopita. Akaniuliza ninatoka kwa nani. Nikamwambia ninatoka kwa mtoto wa kaka yake aliyezaliwa upande wa Lushoto.

Akaendelea kusuka. "Kaka alikuwa na mtoto huko, ni kweli. Alikufa hajaota meno."

"Hakufa, babu. Ndiye aliyenituma."

Mama yule akaacha kupepeta. Mzee naye akaliweka tenga chini taratibu.

"Mbuzi alirudi," akasema.

"Alirudi kwa sababu walikuwa wamebatizwa. Hawakumtaka mbuzi. Mtoto alikuwepo, mzima. Yupo mpaka leo. Anaumwa, lakini yupo."

"Tulimlilia," akasema, kama vile sijasema kitu. "Kaka alinyoa nywele. Mama yetu alinyoa. Tulilala chini siku zote za msiba." Akanyoosha kidole nyuma ya nyumba, kwenye migomba. "Mwili hatukuwa nao. Tukazika kipande cha mgomba, pale, kwa jina lake. Sasa mtu niliyekwisha kumzika, unataka nimfanye nini?"

"Umpe mahali pa kulala."

"Mahali pake tulishampa."

"Babu, ule ni mgomba. Huyu ni mtu."

"Aliyezikwa hazikwi tena. Tukipafungua pale mara ya pili, nani atamfuata humo kaburini? Nina wajukuu humu. Na wewe una mtoto mgongoni, unajua ninachokisema."

Hapo insha yangu ikanitoka. Nikaanza kupiga kelele. Nikamwambia hiyo ni imani ya giza, nchi imepata uhuru, watu wanasoma, mimi mwenyewe nimesoma, hakuna mtu anayekufa kwa sababu ya mgomba.

Mzee hakukasirika. Laiti angekasirika. "Ndiyo, mmesoma," akasema. "Ndio ninyi mliorudisha mbuzi."

Mpaka leo namtafutia jibu nikiwa nalima, sijalipata.

Mkewe alinisindikiza hadi njiapanda. Alimpa mwanangu ndizi mbivu, akanifungia miwa ya safari. Tulipotaka kuachana akanisogelea. "Shemeji yangu hakupata mtoto mwingine," akasema. "Alikuwa akipita pale migombani anasimama kidogo. Usifikiri hakusimama." Kisha akageuka haraka, mumewe asimwone amekawia.

Nilifika kwetu siku ya pili, mchana. Mama Mkubwa alikuwa amejiburuta upande wa nyumba unaopata jua, amefunika tumbo kwa kanga, anapukuchua maharage yaliyokauka kwenye ungo. Uso wake ulikuwa umebaki mifupa. Alimpokea mtoto kabla ya kunipokea mimi, akamnusa kichwani.

"Wamekataa," akasema. Hakuwa anauliza.

"Wamekataa."

Nikamweleza yote. Nilianza na baba yake Bibi, mlangoni, na jina nililompa yule mzee wa kanisa sitaliandika hapa. Nikamweleza mbuzi alivyorudi na kamba yake. Nikamweleza mzee wa Mgwashi na kipande cha mgomba. Nikamwambia kesho nitakwenda kwa mwenyekiti, nitamshitaki Mjomba mbele ya kijiji, nitarudi Mgwashi na mchungaji, na polisi. Sikujua ninasema nini. Niliendelea mpaka akainua mkono.

"Ngoja kwanza," akasema. "Rudi nyuma. Pale kwenye nywele."

"Nywele gani?"

"Umesema alinyoa."

"Baba yako alinyoa. Na bibi yako."

"Bibi yangu." Alilitamka polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Na walilala chini?"

"Walilala chini."

"Kwa ajili yangu."

Nikataka kumwambia kwamba huo si wema, kwamba kilio bila mtu si kitu, kwamba walimlilia akiwa hai na sasa anakufa hawataki hata kumtazama. Nilikuwa na haki ya kulisema. Lakini niliuona uso wake. Katika miaka yote, mezani kwa Mjomba, kanisani, hata siku mwanangu alipozaliwa, sikuwahi kumwona na uso ule. Alikuwa kama mtoto aliyeitwa ndani kula.

"Nani alianza kulia?" akaniuliza.

Sikujua. Hakuna aliyeniambia. "Baba yako," nikasema.

"Alilia kwa sauti?"

"Ilisikika mpaka ng'ambo."

"Na watu walikuja?"

Niliufikiria ua ule mdogo wa Mgwashi, mzee, mkewe, tenga la mapeasi. Hasira yote niliyopanda nayo kutoka huko nilikuwa bado ninayo, sina pa kuiweka.

"Walikuja," nikamwambia. "Mlima mzima. Wengine walitoka mpaka Zirai, wakatembea usiku na mchana. Walikosa pa kukaa, wakakaa njiani. Wapasua mbao wote waliacha misumeno yao msituni wakaja. Wanawake waliimba mpaka sauti zikakauka."

Mtoto alikuwa amesinzia kifuani kwake. Mama Mkubwa aliegemea ukuta, akafumba macho, mikono imetulia juu ya maharage.

"Endelea," akasema. "Usiruke."